Gitaa za kukodiwa Kigoma: nyuzi, deiwaka na kamati za harusi

Vijana wanaonifuata kuuliza mambo ya gitaa wanauliza vitu viwili tu, ninunue gitaa gani na nianze kukopi solo za nani, na mimi huwa nawakera kidogo maana nawarudishia swali ambalo hawakuja nalo, unawajua wapiga gitaa wangapi hapa mjini? Na kumjua namaanisha ukimpigia saa nne usiku anapokea, na ukimwambia waya umekatika anakuja na waya, hakuulizi utarudisha lini. Kama huna wawili watatu wa hivyo basi hata ukinunua gitaa la milioni mbili bado hujawa mpiga gitaa wa kazini, wewe ni mpiga gitaa wa nyumbani, na sio dhambi, ila usichukue advansi ya harusi ya watu.

Mimi napiga hapa Kigoma, mara rithim mara solo, besi nikiombwa sana, na sehemu kubwa ya hela niliyowahi kuiona kwenye gitaa haikutoka kwenye bendi niliyojiita ya kwangu, imetoka kwenye deiwaka, yani kuitwa kumshikia mtu nafasi kwenye bendi yake kwa shughuli moja. Mji wetu huu hauna kumbi za kupiga Jumatatu mpaka Jumapili. Kuna harusi na send-off, kuna bendi za baa zinaundwa Pasaka zinavunjika Idi, kuna kwaya za makanisa, afu kuna hoteli za kando ya ziwa zinazotaka mtu mmoja au wawili wapige taratibu wageni wakila mgebuka, hasa kiangazi kuanzia Juni mpaka Septemba watu wakiwa wanapita kwenda Gombe na Mahale. Ukijifungia kwenye bendi moja utapiga Jumamosi chache halafu utarudi kuuza vocha. Ukiwa mtu wa wenzio utaitwa Mwanga leo, kesho Ujiji, keshokutwa mtu anakwambia panda Hiace njoo Kasulu mpiga rithim wetu kafiwa.

Asa hiyo deiwaka ina adabu zake na hamna mtu atakukalisha chini akufundishe. Kubwa kuliko zote ni kwamba kiti sio chako. Mwenzio kaenda kuzika au anaumwa malaria au mke kajifungua, kakwambia nishikie nafasi, basi unashika, ukimaliza unaachia. Mteja akija mwisho wa shughuli anakuambia nipe namba yako kijana nina kipaimara mwezi ujao, wewe unampa namba ya kiongozi wa bendi iliyokuleta, hata kama roho inauma. Namjua jamaa mmoja fundi kweli kweli, solo zake zinasimamisha watu kwenye meza, alienda kumshikia mwenzie nafasi na usiku uleule akamfuata mwenye bendi pembeni akamwambia mimi nachukua pungufu ya fulani. Akapewa kazi. Akapiga pale miezi kadhaa vizuri tu, mpaka siku ampu yake imekufa mchana wa harusi ya Mwandiga, akapiga simu mji mzima na kila aliyepokea ampu yake ilikua mbovu au imeazimwa au iko kwa fundi. Ampu zilikuwepo, hata yangu ilikuwepo pale chini ya kitanda, ila nami nilisema iko kwa fundi na sijutii.

Ukiitwa deiwaka fika mapema kuliko wenyewe. Usipoteze muda kujifunza nyimbo zote maana hutaweza, nyimbo nyingi za shughuli zinazunguka palepale kwenye kodi tatu, yani noti zinazopigwa kwa pamoja, ya moja, ya nne na ya tano, kinachokuaibisha sio hizo kodi, ni mlango wa kuingilia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, na namna wimbo unavyokatwa mwisho. Kwaiyo muulize mwimbaji vitu hivyo viwili, mkono wako ukiinua ni nini, na tunakataje. Afu simama sehemu ambayo unaona mkono wa kushoto wa mpiga besi, hii nimeifundisha watu wengi na wote wamenishukuru, maana besi akihama utaona vidole vinahama kabla sikio lako halijasikia, unahama nae. Ukiwa umesimama nyuma ya spika unategemea masikio tu utakua nyuma ya wenzio usiku kucha.

Mtu aliyenitengeneza mimi ni mzee mmoja kutoka Uvira, alivuka ziwa wakati wa vita vya 1996 kama Wakongo wengi waliojazana huku kwetu, akakaa Ujiji anatengeneza redio na pasi. Gitaa lake lilikua limeungwa shingo kwa gundi na misumari midogo lakini akilishika utasahau. Mara ya kwanza kunisikia nilikua nakimbiza mikono balaa, nimejaza noti kila mahali, nikimaliza nangoja sifa. Akaniangalia akasema, "Mutoto, unapiga mingi. Wengine watapita wapi?" Basi. Akachukua gitaa akapiga rithim moja ya noti chache, ileile, ileile, mpaka watoto waliokua wanacheza nje wakaanza kucheza kwa mapigo yake bila kujua.

Aliyonifundisha ni mpangilio wa Kikongo ambao ndo umejenga dansi letu lote huku magharibi. Rithim anakaa chini, freti za mwanzo, yani vile vyuma vilivyolala kwenye shingo, anashika kodi na kuzivunja vunja. Solo anakaa juu, huko freti ya kumi na mbili na kuendelea. Katikati yao kuna yule wanamwita mi-solo, sisi tunasema second solo, kazi yake ni kujaza pengo kati ya hao wawili bila kumkanyaga yeyote. Wazee wa kule walikua na ujanja wao wa gitaa hilo la kati, wanatoa ule waya wa nne ambao ni D, wanaweka mwembamba kama ule wa kwanza, wanautuni D ya juu, oktavo moja zaidi, basi gitaa linakua na sauti ya kuwika ambayo hata ukiwa na spika mbovu inapenya. Jaribu siku moja nyumbani, gharama yake ni waya mmoja mwembamba. Kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, ikikosekana tulikua tunafunga penseli kwenye shingo kwa mpira wa manati, inafanya kazi vizuri ila angalia usikaze sana upande mmoja, nyuzi zitapanda na mtauana kwa tuni.

Na hapa ndo napotaka mtu anielewe, ukijua kukaa chini kwenye rithim utapata kazi nyingi kuliko wapiga solo. Kila kijana anataka solo. Bendi ina wapiga solo wanne wanaogombana na haina mtu wa kushika wimbo usidondoke. Mimi nimepigiwa simu na watu ambao hawanipendi kabisa, ila wanajua nikikaa kwenye rithim sitamfunika mtu.

Ngoja niwasimulie kitu kimoja kilichonikuta Mwanga kwenye send-off. Tuko kwenye sebene, bibi harusi mtarajiwa anatunzwa, mashangazi wamejipanga foleni na khanga na hela mkononi, yani ni ile dakika ambayo muziki haukatiki hata mvua ikinyesha ndani. Waya wangu wa kwanza ukakatika, taa! Mimi siku hiyo ndo solo. Waya ukikatika kwenye gitaa la daraja linaloelea, lile la kwenye magitaa yenye mkono wa kutikisa, nyingine tano zote zinapanda tuni kwa pamoja maana mvuto umebadilika, kwaiyo hata ukisema ntapiga na tano zilizobaki unapiga uongo. Nikashusha sauti kwenye kitufe cha gitaa, nikamtazama mwenzangu wa rithim, akaelewa akaongeza mkono. Asa kwenye meza za nyuma kulikua na mpiga gitaa wa bendi nyingine, washindani wetu wa jadi, kaja kama mgeni na suti yake na mke wake. Akainuka. Akapita katikati ya mashangazi, akapanda steji, akatoa kwenye koti waya mpya uliokunjwa kwenye karatasi yake, mimi nikamvalisha gitaa langu lingine la akiba la rithim ambalo kelele zake zinajulikana mji mzima, akapiga solo na suti yake wakati mimi nimechuchumaa nyuma ya ngoma nabadilisha. Nikamaliza, nikatuni kwa kusikiliza besi, nikasimama. Akanirudishia nafasi kwa kichwa tu, akashuka, akaenda kumalizia soda yake. Mtu anatembea na waya kwenye koti la suti akienda kwenye send-off kama mgeni! Mpaka leo harusi ya ukoo wao tunapiga nusu bei.

Tangu hapo tuna utaratibu, wapiga gitaa kama saba wa hapa mjini tuna kibubu cha nyuzi. Nyuzi nzuri hapa Kigoma ni shida, maduka yanayouza vyombo unakuta zile seti za bei ya chini zinazotoa kutu kabla hujafika daraja la wimbo. Tunachangishana kwa simu, mtu akiwa anatoka Dar anatupitishia Kariakoo, tunanunua seti kadhaa na nyongeza ya waya za kwanza zinazouzwa mojamoja maana hizo ndo zinakatika kuliko zote, afu zinakaa kwa mmoja wetu mwenye duka, ukichukua unaandika kwenye daftari. Tumekubaliana wote tuvae unene wa saizi 10, yani ile seti inayoanza 10 na kuishia 46, hata wale waliokua wanapenda 9, ili waya wa mtu uvalike kwenye gitaa la mwenzie bila kuanza kurekebisha shingo. Hiyo peke yake imeokoa shughuli nyingi.

Nyuzi zenyewe zinakufa kwa jasho kuliko kwa kupigwa. Na huku ziwani hewa ina unyevu, gitaa ukiliacha tu kwenye begi na jasho la jana asubuhi unakuta nyuzi zinakwaruza kama msasa. Kitambaa kikavu cha pamba, unafuta kila waya juu na chini kabla hujafunga begi, ni dakika moja, watu hawafanyi. Nyuzi za besi ndo ghali zaidi na kwa hizo kuna dawa ya wazee, unazivua, unazikunja, unazichemsha kwenye maji kama dakika kumi, unazitoa unakausha kabisa kabisa unavalisha tena. Ule uchafu wa ngozi na mafuta uliojificha kwenye mizunguko ya waya unatoka, sauti inarudi kulia, haikai sana ila wiki mbili tatu za shughuli unapata. Tafuta sufuria yako lakini. Mama watoto aliwahi kukuta nyuzi nne za besi zinachemka kwenye sufuria ya maharage akauliza, "Baba Amani, leo tunakula gitaa?" na alikua hacheki. Siku hizi nina kopo la rangi kwa kazi hiyo. Na tafadhali waya za breki za baiskeli waachieni watoto wenye magitaa ya galoni, nimeona mtu kavalisha kwenye besi la kweli akang'oa funguo mbili.

Umeme sasa. Hapa naomba msiruke aya maana hii ni ya kuua mtu. Kigoma tumekaa miaka mingi tunaendeshwa na majenereta ya dizeli kabla gridi haijafika, kwaiyo kukatika na kurudi tumezoea, na vijijini hadi leo shughuli nyingi ni jenereta dogo la kukodi. Mpiga gitaa akiwa anaimba pia, midomo iko kwenye maiki na vidole viko kwenye nyuzi. Nyuzi zimeungana na mwili wa ampu kupitia waya wa gitaa, maiki imeungana na mwili wa mixa. Ampu ikichomekwa soketi moja na mixa soketi ya chumba kingine, na hakuna erthi, wewe ndo unakua waya unaounganisha hivyo viwili, umeme unapita mdomoni unatokea mkononi. Nimeona mwimbaji karushwa mpaka kwenye ngoma kijiji kimoja huko njia ya Kasulu, bahati nzuri akaamka, ila mdomo umevimba.

Kwaiyo vyote vichomekwe ekstensheni moja, na iwe ya pini tatu kweli. Ile pini kubwa ya juu kwenye plagi ndo erthi, na wabongo tuna tabia ya kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu au kijiti, umeme unaingia lakini ulinzi umeuacha mlangoni. Tembea na bisibisi ya testa kwenye begi la gitaa, inauzwa buku mbili tatu, kabla hujaimba gusa nayo kwenye wavu wa maiki huku umeshika gitaa, ikiwaka taa usiguse, mwite fundi mitambo, shughuli isubiri. Sponji ya maiki nayo ivalishwe, inasaidia mdomo usikutane na chuma. Kuhusu jenereta omba liwe la kwenu peke yenu. Likiwa linaendesha na friji la vinywaji, friji likianza kuzunguka volti zinashuka, likizima zinaruka juu ya 230, na ampu yako ndo inalipia. Mwenye stebilaiza mzuri kwenye hili genge letu anaazimwa kuliko mwenye gitaa zuri.

Kanisani kuna raha yake na kuna mitego yake. Mpiga kinanda wa kwaya anajua kii, yani ngazi ya sauti ya wimbo, moja au mbili tu, waimbaji wakitaka juu anabonyeza kile kitufe cha kuhamisha kii na anaendelea kupiga vidole vilevile, yeye anaona anapiga C kumbe inatoka E flat, na hakuambii. Ukimuuliza anakujibu kwa uaminifu kabisa "niko C". Usibishane nae mbele za watu, tafuta noti moja ya besi yake kwenye waya wako wa sita, ukishaipata weka kapo au shika kodi za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja, maisha yaendelee. Ila kwaya za huku zinalipa kwa wakati kuliko baa nyingi, na wapiga gitaa wachanga wanapita hapo kujifunza kusikiliza sauti za watu wanne zikiimba vitu tofauti, kitu ambacho baa haifundishi.

Haya, hela. Kamati ya harusi ina watu ishirini siku ya kusaini na haina mtu hata mmoja saa nane usiku. Mweka hazina simu imezima chaji, mwenyekiti kalewa, bwana harusi utamdai vipi yuko na mkewe. Kwaiyo nusu mkononi kabla hujafunga begi kutoka nyumbani, na iliyobaki kabla chakula hakijaanza kugawiwa, maana baada ya chakula kamati inaanza kucheza na ikianza kucheza haishikiki. Mtaje kabisa nani analipa mafuta ya jenereta na nani anarudisha vyombo usiku, haya mawili yamegombanisha watu wengi kuliko malipo yenyewe. Tunzo nazo muafikiane kabla hamjapanda steji, bendi nyingine hela ya kutunzwa ni ya aliyebandikwa usoni, nyingine inaingia kwenye kofia moja mnagawana. Mimi napendelea kofia. Mpiga ngoma amekaa nyuma huko hamna shangazi anamfikia, na bila yeye nani angekutunza wewe?

Na bia za wateja. Mtu amefurahi anasema mpe mpiga gitaa mbili, usikatae utamuudhi, mwambie dada wa kaunta akuandikie, mwisho wa usiku mkielewana nae unachukua soda za nyumbani au hela pungufu kidogo. Namna hii umebaki na akili yako mpaka wimbo wa mwisho na nauli ya boda umepata.

Masikio watu wanapuuza mpaka yaanze kulia yenyewe usiku. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanapima hivi, desibeli 85 unaruhusiwa kukaa nazo masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwaiyo zikifika 100 una dakika 15 tu, na ukumbi wa bati na spika mbele yako hiyo 100 ni kitu cha kawaida. Pamba ya kuchomeka sikioni haisaidii kitu cha maana, tafuta vile vizibo vya sponji wanavyovaa watu wa viwandani. Kingine ni kuacha kuweka ampu chini sakafuni. Sauti inapiga magoti yako, wewe husikii, unaongeza, wa meza ya mbele wanaziba masikio. Ipandishe kwenye kreti ya bia uiegemeze nyuma kidogo ikuangalie usoni, utashangaa mwenyewe utakavyopunguza.

Nikimaliza na Tabora, maana wengi wetu wa Kigoma ndo safari yetu ya kwanza ya kikazi, wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wakishalipwa harusi zinafuatana. Treni ndo rafiki wa mpiga muziki, reli imefika Kigoma tangu 1914 na mpaka leo ukiwa na ampu na ngoma hakuna basi litakuchukua bila matusi. Gitaa lakini usiliweke kwenye behewa la mizigo, lala nalo. Ukitoka kwenye unyevu wa ziwa kufika kwenye ukavu wa Tabora shingo inajinyoosha au inajikunja kidogo, kwaiyo lifungue mapema, liache lipumzike nje ya begi, ndo utuni. Tabora wana heshima yao kwenye dansi, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, mji mmoja wa maembe na bendi za kutikisa nchi nzima. Kuna mzee pale Ng'ambo alinisimulia zamani zao vyombo vilikua vya klabu au vya tajiri, mwanamuziki akigombana na uongozi anaondoka na nguo zake tu, gitaa linabaki ukutani, anaenda mji mwingine anaanza kuomba upya. Alipiga miaka yote hiyo na gitaa la kwake mwenyewe alinunua akiwa ameshastaafu. Aliniuliza langu ni la nani, nikamwambia langu, akalishika akalipima uzito kama mtu anapima kuku, akasema "basi nyie mna raha, mbona bado mnagombana?" sikuwa na jibu nikacheka tu.

Kwa anayepanga kuja huku kupiga, usihangaike kubeba ampu, hapa ya kuazima haikosekani ukiwa mtu wa watu. Njoo na gitaa lako, waya wako wa jeki na mwingine wa akiba, testa, na kama una nafasi kwenye begi tuletee nyuzi za kwanza saizi 10, hata kumi tu, utapewa hela yako ukishuka na daftari utaandikwa. Ulizia Mwanga sokoni duka la vocha lenye gitaa limening'inizwa dirishani.